Nilivyochagua bunduki nyepesi ya kuwindia na kipunguza sauti chake

Nilianza na kipunguza sauti, bunduki ikafuata. Wengi hufanya kinyume: hununua bunduki nyepesi kuliko zote, kisha hutafuta sailensa, yaani kipunguza sauti hicho, ya kufunga mbele yake. Hapo ndipo hugundua kwamba mdomo wa mtutu ni mwembamba mno kuchongwa hesi (mizinguo kama ya skrubu), au kwamba bunduki iliyokaa vizuri mkononi sasa inainamisha pua kila inapoinuliwa.

Kabla ya hayo yote, sheria. Finland kifaa hiki ni cha kawaida kwa mwindaji; Marekani husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1934; kwingine kimepigwa marufuku kabisa. Usilipie chochote kabla kibali hakijawa mkononi, maana mtutu ukishakatwa na kuchongwa hesi haurudi ulivyokuwa.

Pia nilijiuliza nataka kupata nini hasa. Bunduki kubwa ya kuwindia isiyo na kifaa hiki hutoa mlio wa desibeli 160 hadi 170 mdomoni mwa mtutu, na mlio wa ghafla unaofika 140 tayari unaumiza masikio. Kipunguza sauti kizuri huondoa desibeli 20 hadi 30 na zaidi kidogo. Kwa hiyo bado ni mlio mkubwa. Tena kinachopungua ni mshindo wa gesi tu: risasi yenyewe ikikimbia mita 800 kwa sekunde hupasua hewa, kwa sababu sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na mpasuko huo hakuna chombo cha kufunga mdomoni kitakachouzima. Risasi za mwendo wa chini ya sauti zipo, lakini hupoteza nguvu nyingi mno kwa mnyama mkubwa, nikaziweka kando. Faida halisi ni tatu: madhara ya masikio hupungua, teke la begani hupungua waziwazi, na bunduki hairuki sana, kwa hiyo unaona kwenye darubini mnyama alivyopokea risasi. Kwenye bunduki nyepesi faida hiyo ya pili ndiyo kubwa, kwa kuwa wepesi na teke ni ndugu.

Sasa uzito. Ule ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji ni wa bunduki tupu, nami sijawahi kuwinda na bunduki tupu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: bunduki kilo 2.75, darubini gramu 420, vishikizo vyake 110, mkanda 140, risasi nne takriban 100, kipunguza sauti 330. Jumla kilo 3.85. Ukishaona hesabu hiyo, kuhangaikia gramu 200 za bunduki huku umefunga darubini ya gramu 700 juu yake ni kujichosha bure. Darubini ndogo ya kukuza mara 2 hadi 10 ndiyo iliyonipunguzia uzito kwa njia rahisi kuliko zote.

Lakini uzito wa jumla si tatizo kubwa kama mahali uzito ulipo. Chukua bunduki ya kilo 3.2 pamoja na darubini, yenye mtutu wa sentimita 56. Kitovu cha uzani wake huwa karibu na mbele ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Funga mdomoni kifaa cha gramu 350, ambacho kitovu chake kiko sentimita 60 hivi mbele ya hapo, na mizani ya bunduki nzima inasogea mbele sentimita 6. Kifaa cha chuma cha gramu 560 kingeisogeza sentimita 9. Mkono wa mbele ndio unaolipa, hasa unapopiga ukiwa umesimama bila kuegemea. Ndiyo maana gramu 100 zilizookolewa kwenye kipunguza sauti zina thamani kuliko gramu 300 zilizookolewa kwenye kitako. Bunduki yenye kitako chepesi kupita kiasi kwa kweli huharibika mizani zaidi ukiifunga sailensa, kwa kuwa nyuma hakuna kitu cha kuivuta.

Kabla ya kununua nilijaribu kwa mfuko wa mchanga. Hakikisha bunduki haina risasi, fungua komeo (kile kifungo cha nyuma ya mtutu), kisha funga kwa utepe mfuko wa gramu 400 mdomoni mwa mtutu. Kwa nini 400 na si 350? Kwa sababu kifaa halisi hukaa mbele ya mdomo na si juu yake, na hizo gramu 50 hufidia umbali. Inua begani, lenga kitu kidogo, hesabu hadi 30. Bunduki mbili nilizozipenda kwa macho zilianguka kwenye jaribio hilo.

Dawa ya mizani mbaya ni mtutu mfupi. Nilichagua sentimita 46. Bunduki nzima ikawa na urefu wa sentimita 97 hivi, na kwa kipunguza sauti cha sentimita 17, ambacho sehemu yake hufunika hesi, ikafika karibu mita 1.13. Kwa mtutu wa sentimita 61 ningebeba kitu cha mita 1.28, na kwenye vichaka tofauti hiyo hunasa kila tawi. Gharama yake ni kasi. Kwa .308 Winchester, kaliba (saizi ya risasi) niliyoichagua, hesabu ya kawaida ni kupoteza mita 7 hivi kwa sekunde kwa kila inchi ya mtutu iliyokatwa. Risasi ya gramu 9.7 (kichwa tu, bila ganda na baruti) inayotoka kwa mita 860 kwenye mtutu wa sentimita 61 inabaki na takriban mita 815 kwenye wa sentimita 46. Kwa umbali wa mita 200 mnyama hataiona tofauti.

Si kaliba zote zinazovumilia kukatwa hivyo. .308 na 7mm-08 huvumilia vizuri, 6.5 Creedmoor huvumilia kiasi. .243 nisingeipunguza chini ya sentimita 51. Magnamu sikuzifikiria kabisa: baruti nyingi kwenye mtutu mfupi hutoka bado inawaka, na moto huo hula visahani vya ndani ya kipunguza sauti, hasa kile cha kwanza. Soma maelezo ya kifaa. Watengenezaji huandika urefu wa chini wa mtutu kwa kila kaliba, na hawaandiki kwa mapambo. Aina ya bunduki sikubishania: komeo la mkono. Ile inayojijaza yenyewe ikifungwa kipunguza sauti hurudisha gesi usoni kwa mpigaji na huchafuka haraka.

Sasa niende kwenye kipimo kilichoamua kila kitu, yaani unene wa mdomo wa mtutu. Bunduki nyepesi hupata wepesi wake kwa mtutu mwembamba, mara nyingine milimita 15 tu mdomoni. Kipunguza sauti hakinyooshwi na hesi. Hunyooshwa na bega, ule ukingo bapa nyuma ya hesi ambao kifaa hukaza dhidi yake. Hesi hukivuta tu. Bega likiwa jembamba au limechongwa kimshazari, kifaa hukaa upande, na kosa dogo sana pale mwanzoni huwa kubwa mwishoni mwa sentimita 17. Risasi ikigusa kisahani cha mwisho, bahati yako ikiwa nzuri utapoteza shabaha. Ikiwa mbaya kifaa kitapasuka.

Tazama namba. Mtutu wa milimita 15 ukichongwa M14x1, yaani hesi ya kipenyo cha milimita 14, unabakiwa na bega la nusu milimita kila upande, kidogo mno. Ukichongwa hesi ya nusu inchi yenye meno 28 kwa kila inchi, bega linapatikana, lakini kwa .308 ukuta wa chuma chini ya hesi unabaki milimita 1.9 hivi, nami kwa kaliba hiyo siuamini. Mtutu wangu ni milimita 17 mdomoni. Hesi ya M15x1 ilinipa bega la milimita 1 kila upande na ukuta wa karibu milimita 3. Hesi ya 5/8-24, iliyozoeleka sana Marekani, ina kipenyo cha milimita 15.9, kwa hiyo kwenye mtutu huohuo ingeniachia bega la nusu milimita tu. Hiyo inataka mdomo wa milimita 18 au zaidi. Nenda dukani na kalipa (kifaa cha kupimia unene), upime mwenyewe, usitegemee picha.

Usikaze pengo kwa washa ya kubonyea, ile pete laini ya chuma. Hubonyea upande mmoja zaidi ya mwingine. Fundi bunduki akimaliza kuchonga, mwombe apitishe fimbo ya kupimia unyoofu kutoka ndani ya mtutu hadi nje ya kipunguza sauti, bunduki ikiwa tupu. Fimbo ionekane katikati ya tundu pande zote. Asiye na fimbo hiyo, peleka kazi kwa mwingine. Tundu la kifaa nalo liwe la kaliba yako au kubwa zaidi: 6.5 ndani ya kifaa cha .30 hupita salama, ila mlio huongezeka kidogo. Kinyume chake, risasi kubwa kuliko tundu, ni marufuku, hakuna mjadala.

Kuna vipunguza sauti vinavyorudi nyuma na kuuvaa mtutu, hivyo mbele huongeza sentimita 10 hivi tu. Mizani yake ni tamu. Hata hivyo mtutu lazima uwe mwembamba kuliko tundu la pete ya nyuma, na kifaa chenyewe kwa kawaida ni kizito zaidi. Kwa mtutu wa sentimita 46 sikuona haja. Kwa mwenye mtutu wa 56 asiyetaka kuukata, ndicho cha kutazama kwanza.

Kitako cha plastiki chepesi hupinda. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako, kisha egemeza bunduki mbele na uibonyeze kama unavyoegemea unapopiga. Karatasi ikikwama, mtutu unaguswa, na uzito mpya mdomoni utaongeza kero hiyo. Yangu ilikwama upande wa kushoto. Nikakwangua kitako kwa msasa hadi nafasi ikafika milimita 2.

Ulipangaje darubini zamani? Sahau. Kipunguza sauti hubadilisha mtikisiko wa mtutu, na risasi hutua pengine. Yangu zilishuka sentimita 5 kwa mita 100. Hilo si kasoro mradi zinashuka sentimita zilezile kila mara. Nilifunga, nikapiga tatu, nikafungua, nikafunga tena, nikapiga tatu, mara nne mfululizo kwa shabaha moja. Makundi yalipangana. Yasingepangana ningerudi kwenye bega na hesi kabla ya kulaumu risasi. Mtutu mwembamba hupata joto haraka na kipunguza sauti hulihifadhi, kwa hiyo acha dakika kumi kati ya makundi, la sivyo utarekebisha darubini kwa kufuata joto. Baada ya mapigo matano sita mfululizo, mawimbi ya hewa moto huanza kucheza mbele ya kioo. Vazi la kitambaa juu ya kifaa huyapunguza, lakini huchelewesha kupoa.

Kaguo la mkono kila baada ya mapigo machache: shika kifaa kwa glavu, zungusha kuelekea kukaza. Kikisogea hata kidogo, kilikuwa kimeanza kulegea.

Na usilaze bunduki kabatini ikiwa imefungwa. Ndani hubaki unyevu na masizi, na usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu mdomoni, ambapo usahihi wote hukaa. Kikipoa, kifungue, kisimamishe wima kikauke, pitisha kitambaa chenye mafuta kwenye mtutu, futa hesi, kisha paka grisi inayovumilia joto, tone moja tu. Ikizidi huvuta masizi, na safari ijayo kifaa hakifunguki bila spana.