Diski imejaa, kesho kuna harusi

Ijumaa moja mwaka jana, saa nne usiku, nilikuwa studio yangu ya Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, nashusha picha za kupamba bi harusi kutoka kwenye memori kadi. Kesho yake kuna nikahi Mikanjuni, jioni sherehe. Nusu ya kazi, kompyuta ikagoma: nafasi imekwisha.

Ekstenali yangu, yaani diski ya nje ninayohifadhia kazi, ni ya terabaiti 2. Ukiichomeka, Windows inaonyesha 1.81, na wateja kadhaa wameshaniuliza kama wameuziwa feki. Hakuna wizi hapo. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Usiku ule, katika hizo 1.81, nilikuwa nimebakiwa na GB 6 na ule mstari mwekundu wa diski kujaa.

Mdogo wangu anayenisaidia akasema, "Kaka, si tufute harusi za zamani? Za 2018 nani anazitaka tena?"

Nikamwangalia tu. Wiki hiyohiyo alikuja mama mmoja wa Makorora. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Zile picha za nikahi ya kijana wangu, ya 2018, unazo bado? Simu yangu imeibwa." Nilimwekea kwenye fleshi, akaondoka huku ananiombea dua. Kwa hiyo harusi za watu hazifutwi, hilo lilikuwa limeisha.

Nikapakua WinDirStat, programu ya bure inayokuchorea diski yako kwa vijumba vya rangi. Kijumba kikubwa ndicho mlaji. Nilitegemea kuona video za wateja zimejaza pote. Wapi! Picha na video zilichukua nusu na kidogo. Zilizobaki, zaidi ya GB 800, zilikuwa bakapu, yaani nakala za akiba. Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo, lakini bakapu zangu zilikuja miaka hiyo na hazikuondoka hata moja.

Walaji walikuwa watatu. Wa kwanza File History, bakapu ya Windows yenyewe, GB 410. Wa pili folda niliyoiita LAPTOPU YA ZAMANI YOTE, GB 260. Wa tatu bakapu za katalogi ya Lightroom Classic, programu ninayosafishia picha, GB 140. Nikaanza na huyo wa tatu, kwa sababu ndiye niliyemwelewa haraka.

Lightroom haihifadhi picha ndani ya katalogi. Inaandika tu kwamba picha fulani ipo mahali fulani na umeifanyia hivi na hivi: umeongeza mwanga, umekata pembeni, umeipa nyota tatu. Ukifunga programu inakuuliza, kwa kawaida mara moja kwa wiki, kama unataka bakapu ya katalogi. Mimi kila mara nilikubali. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba za zamani haizifuti yenyewe. Folda ya Backups ilikuwa na vifolda karibu 300, kila kimoja kina jina la tarehe na saa, na ndani yake faili ya zip, yaani iliyobanwa.

Mkono ulishafika kwenye kitufe. Mpango wangu ulikuwa kubakiza ya mwisho, nyingine zote nje. Sijui nini kilinizuia, labda uchovu, nikasema ngoja kwanza niifungue hiyo ya mwisho. Haikufunguka. Nikakumbuka Jumatano umeme ulikatika wakati Lightroom inajifunga, na betri ya laptopu yangu siku hizi ni pambo. Ile zip iliandikwa nusu. Ningefuta nyingine zote ningebaki na kopo tupu, na katalogi yenyewe siku ikiharibika, kazi ya miaka sita ya kusafisha picha imekwenda.

Nikajaribu ya wiki iliyotangulia. Nikaitoa kwenye zip, nikaiweka kwenye folda ya pembeni, nikaifungua kwa Lightroom. Ikafunguka, picha zote na marekebisho yake. Nikabakiza hiyo, mbili za nyuma yake, na ya mwisho ya kila mwaka. Nyingine nikafuta.

"Kaka, mbona bado nyekundu?"

Kweli, GB 6 zilezile. Dakika nzima nilikodolea macho ule mstari kabla sijakumbuka pipa la taka. Ukifuta faili iliyo kwenye ekstenali, Windows inaihamishia kwenye pipa lililo kwenye ekstenali hiyohiyo, yaani takataka umeitoa sebuleni ukaiweka barazani. Kwenye fleshi mambo ni tofauti, ukifuta imefutika, ndiyo maana nilijisahau. Nikalimwaga pipa, GB 136 zikaachia. Za kutosha kwa harusi. Tukafunga, tukaenda kulala.

Jumatatu nikawarudia wawili waliobaki. File History ukiiwasha bila kugusa mipangilio inanakili kila saa faili zilizobadilika, na inazitunza milele. Kwa mwandishi wa barua hilo si neno. Kwa mtu wa video ni balaa: nikirekebisha mstari mmoja wa majina ya maharusi na kuitoa video upya, inanakili GB 4 nzima, siyo huo mstari. Video moja niliikuta mara saba, kila moja na tarehe yake kwenye jina. Hapa sikuingia kwenye folda na kufuta kwa mkono, maana File History ina orodha yake na ukiivuruga itashindwa kukurudishia unachotaka. Nilipitia kwenye Control Panel, kwenye mipangilio yake ya ziada, nikaiambia ifute matoleo yaliyozidi mwaka 1. Toleo la karibuni la kila faili inalibakiza. Kutoka GB 410 ikashuka hadi 90. Hapohapo nikabadilisha ile "milele" ikawa mwaka.

LAPTOPU YA ZAMANI YOTE ilinichosha. Ndani kulikuwa na nakala ya kompyuta ya kabla yake, na ndani ya hiyo fleshi ya kabla yake, kama sufuria za dukani zilivyoingizwa moja ndani ya nyingine. Nilichukua folda moja moja, nikalinganisha idadi ya faili na ile iliyopo kwenye kumbukumbu zangu za sasa. Zikilingana, nafuta. Folda moja haikulingana: huku 1,214, kule 1,198. Zile 16 zilikuwa picha za paspoti za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Nimezihamisha, zipo. Huenda mmoja akatokea.

Nikawa na GB 720 hivi za wazi. Hata hivyo, mwisho wa mwezi nilinunua ekstenali ya pili, kwa sababu moja tu: nilichokuwa nakiita bakapu na picha zenyewe vilikaa kwenye diski moja, kwenye droo moja, ndani ya studio yenye kufuli moja. Ya pili inakaa kwa dada yangu Chumbageni. Naipitia kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, naijaza, naitest, narudisha. Nimeandika juu yake kwa makapeni USIFUTE. Dada ameiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni, na amewakataza watoto kulisogelea.