Risasi dirishani

Nilimpigia Mama kule Moshi kumwambia mjukuu wake amekutwa na risasi kwenye damu. Akapiga yowe hadi jirani akaja. "Nani kampiga mtoto?"

Si hiyo, Mama. Madini, yale ya kwenye betri za gari.

Mtoto ana mwaka na miezi mitatu. Hapa Cleveland, Marekani, walimtoboa kidole, wakarudia kwa damu ya mshipani: mikrogramu 6 za risasi kwa desilita ya damu. Kuanzia 3.5 wanakufuatilia. Nesi akaanza maswali: mnampaka wanja wa kwenu? Unakula udongo ule wa pemba? Vyombo vya jikoni umetoka navyo Afrika? Nikawaka. Kila swali linaelekea kwetu, kama vile sumu ina pasipoti ya Tanzania!

Akaja mkaguzi na kimashine cha kupimia risasi, kama drili, anakigusisha ukutani. Kufika dirisha la sebuleni, kikasoma juu kabisa. Nyumba ni ya 1926, na rangi ya risasi majumbani walikuja kuipiga marufuku 1978. Kila ukipandisha kioo, fremu inasaga rangi, vumbi linatua pale pale mwanangu anaposimama kuangalia mabasi, kisha vidole mdomoni. Na kodi ni dola 1,300! Kwa hela hiyo Soweto ya Moshi ningekaa mwaka. Mwenye nyumba, ambaye nikichelewa siku mbili ananitumia meseji tatu, sasa hapokei simu.

Wewe unayesubiri viza, ukipata nyumba ya zamani huku usisaini kwa haraka ya baridi. Sheria inamtaka mwenye nyumba akupe kwa maandishi anachojua kuhusu hiyo rangi. Mimi nilisaini bila kusoma. Sasa sifagii pakavu, nafuta dirisha kwa kitambaa chenye maji, na mtoto anakula dagaa na maziwa, maana mwili wenye madini ya chuma na kalsiamu haunyonyi risasi sana.

Mkaguzi alipofika jikoni nikampa sufuria yangu ya kusubu, ya Kiboroloni kule Moshi, nimsute. Ikasoma nayo.

Nikamweleza Mama: fundi anayeyusha chochote, injini, rejeta, vyuma chakavu, na ukipikia nyanya au ndimu ndiyo inatoka zaidi.

"Hiyo sufuria imewapikia mtori nyie wote watano."

"Najua, Mama."

Akanyamaza. "Basi tuma hela ya stili. Mbili. Dada yako naye ana kichanga."