Mpishe kijana

"Mpishe kijana aangalie, yeye katoka chuo juzi." Kasema Mzee Vikao, mbele ya watu wa uhasibu, nami nikajibu "Sawa mzee" na kusogeza kiti. Sijui kwa nini. Wiki nzima naisikia hiyo "sawa mzee" yangu: nikisukuma chapati, nikiwa kwenye mwendokasi, hata kwenye send-off ya mdogo wangu, ambayo ilifana, asanteni mliochanga.

Kisa chenyewe ni lile kontena la LXC (kama kompyuta ndogo ndani ya seva) la mfumo wa risiti, kwenye Proxmox, programu ya kuendesha kompyuta nyingi ndani ya seva moja. Linapita kwenye daraja, vmbr0, yaani swichi ya kiprogramu ndani ya seva, na lina IP ya ofisini kama kompyuta yoyote. Ghafla wahasibu hawalipati. Nikipiga pingi, ya kujaribu kama linafikika, kutoka seva mama inayolibeba, inajibu. Kutoka mezani kwao, kimya. Lakini ARP, lile swali la "nani ana IP hii?", inajibiwa! Nikaweka tcpdump, ya kuchungulia pakiti za data, kwenye kadi ya mtandao, pakiti zinaingia. Kwenye veth, waya pepe wa kontena, naona ARP tu. Basi zinaliwa darajani. Hapo ndipo nilipoambiwa nipishe.

Ningesema nini? "Mzee, nipe dakika kumi"? "Mzee, nimeshafika darajani"? Jana bafuni nimepata jibu kali lenye adabu zake, na sina pa kulipeleka.

Kijana wa field akakaa, akatazama skrini, akaninong'oneza: "Dada, mimi jana niliweka Docker ya mazoezi humu kwenye seva mama. Haina shida, eti?"

Nilicheka mpaka uhasibu wakageuka. Tangu toleo la 1.13, Docker, programu nyingine ya makontena, huigeuza sera ya FORWARD (ya pakiti zinazopita tu) ya iptables, kichujio cha trafiki cha Linux, kuwa DROP, yaani zitupwe, na moduli ya br_netfilter ikishaamka, hata trafiki ya darajani inakaguliwa humo. ARP haikaguliwi na iptables. Pingi ya seva mama haipiti FORWARD, kwa kuwa inaanzia humo humo. Uzuri ulioje! Tukaweka net.bridge.bridge-nf-call-iptables kuwa 0, yaani iptables isikague ya darajani, risiti zikaanza kutoka, na Docker yake tukaihamishia kwenye mashine pepe ya peke yake.

Mzee akapita. "Imepona?"

"Dada ndiye kaijua," kijana akasema.

"Si nilisema kijana ataweza?"

Huyu mtoto nampenda bure. Field yake ikiisha nitamwombea mkataba, Mzee akipenda asipende.