Furaha ndogo za kumtunza mwenye skizofrenia

Anayemtunza nduguye mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, hapa Kisumu hujifunza kufurahia mambo madogo: ameoga bila kuambiwa, ameomba sukari zaidi kwenye chai, amecheka na watoto. Yaandike kwenye daftari, pamoja na saa alizolala. Akilala kwa muda wa saa 3 tu kila usiku, siku mbili mfululizo, huenda ugonjwa unarudi; nenda kliniki kabla sauti anazozisikia yeye peke yake hazijamzidi.

Sindano ya flufenazini, dawa ya ugonjwa huu, kwa kawaida hudumu wiki 2 hadi 4. Zungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani na utenge nauli ya matatu mapema. Inauma kuona mtu aliyepata nafuu akirudi nyuma kwa kukosa nauli tu. Shingo ikikakamaa, hajalogwa: mara nyingi ni dawa, na ina tiba. Mpeleke siku hiyo hiyo. Anayemeza klopromazini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, huungua ngozi haraka kwenye jua letu la ziwani, mvike kofia.

Kazi mpe, lakini moja moja. "Chambua sukuma" inaeleweka. "Saidia jikoni" humchanganya. Mwangalie anavyopanga majani polepole, mashina yote upande mmoja, kisha anainua macho: "Mama, nikate?" Baada ya miezi ya kimya, swali hilo humtoa mtu machozi.