Shangazi alivyojengewa pua kwa ngozi ya paji la uso

Shangazi yangu ni mtu mwenye ualbino, na kile kidonda cha puani kilimuanza kama kijipele tu chenye gamba, ukilibandua linatoa damu, kesho limerudi. Zahanati ya karibu na kwake walikua wanampa tyubu ya kupaka, ikiisha anapewa nyingine, miezi ikaenda ivo ivo mpaka upande wa kushoto wa pua ukaanza kuliwa. Naumia mpaka leo nikikumbuka, maana kidonda kisichopona usoni kwa mtu mwenye ualbino kinatakiwa kikatwe kinyama kikapimwe mapema, ngozi yao haina kinga dhidi ya jua na kansa ya ngozi inawapata wangali vijana. Tulivyofika hospitali kubwa wakachukua kinyama, majibu yakaja ni kansa.

Operesheni ya kwanza ilikua ya kutoa tu. Wakaondoa kansa pamoja na nyama nzima kidogo kuizunguka, wakafunga bandeji, basi. Shangazi akamuuliza dokta mbona umeniacha na tundu mwanangu, dokta akamwambia "Mama, nikijenga leo halafu kumbe kansa imebaki, nitakua nimeifunika tu iendelee kukula chini kwa chini." Kwahiyo tukasubiri maabara waseme kingo za ile nyama ziko safi, na kusubiri kule kulikua kugumu kuliko operesheni yenyewe.

Majibu yakaja safi. Dokta akatuita chumbani, akachukua karatasi ya kung'aa inayofungia uzi wa kushonea, akaiweka juu ya lile tundu akaikata kwa mkasi taratibu mpaka ikalingana kabisa, kisha akaiinua akaigeuza juu chini akaibandika kwenye paji la uso, karibu na nywele, akaichora kwa kalamu. Anasema ngozi ya hapa ndio inafanana na ya pua kuliko ya sehemu nyingine. Ataikata kuzunguka huo mchoro, ila chini karibu na nyusi ataiacha imeshikilia maana hapo ndio unapita mshipa wa damu, halafu ataizungusha ishuke mpaka puani aishone. Na ndani ataweka kipande cha gegedu la sikio, ile sehemu ngumu inayokunjika, ili tundu la pua lisijifunge akivuta pumzi. Shangazi akauliza kwanini msiikate yote mkaipachika tu? Akajibiwa ngozi nene namna ile ukiikata yote inakosa damu inakufa, lazima iendelee kunyonya damu ya kwenye nyusi mpaka pua iote mishipa yake.

Akatuambia kazi hii asili yake ni India. Mwaka 1794 gazeti moja la London liliandika habari za Cowasjee, mwendesha mikokoteni ya ng'ombe wa jeshi la Waingereza, aliyekamatwa na watu wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kule India aliyekua anapigana na Waingereza, wakamkata pua na mkono, akaja kujengewa pua na fundi wa kienyeji kule Pune kwa ngozi ya paji la uso. Kipimo walichukua kwa nta, wakaibana kwenye kovu la pua kisha wakailaza kwenye paji, yani kilekile alichotufanyia dokta na ile karatasi! Huko London daktari Joseph Carpue akaja kuifanya 1814. Shangazi alisikiliza habari hiyo kuliko maelezo yote, nadhani ilimtuliza kujua kuna watu walishapita humo zamani hivyo.

Baada ya operesheni ya kujenga pua, wodini nlikua nalala naye. Kile kipande kilishuka kutoka kwenye nyusi mpaka puani kama kidole, nesi anakuja na tochi kila baada ya muda kuangalia rangi, ikiwa ya pinki sawa, ikigeuka bluu ina maana damu imekwama. Siku moja nzi akatua puani, shangazi akapeleka mkono juu ya paji anapapasa bandeji, "Mwanangu nitolee huyu mdudu kwenye paji." Nikamwambia shangazi yuko puani. Akakataa kabisa. Dokta akaelezea baadae kwamba mishipa ya fahamu ya ile ngozi bado ni ya kwenye paji, ukigusa pua ubongo unasoma paji.

Nyumbani ndio kulikua na shida yake, miwani haikai maana kile kidole kimepita pale pale juu ya pua, na bila miwani haoni mbali, nlikua namsomea meseji zote na kumshika mkono mpaka bafuni. Watoto wa jirani waliogopa wiki ya kwanza, baadae wakazoea.

Baada ya kama wiki tatu wakakikata kile kidole, kilichobaki juu wakakirudisha kwenye nyusi, na miezi kadhaa mbele wakapunguza unene wa pua. Tundu la kushoto limebaki dogo kidogo, ila anapumua vizuri na miwani imekaa. Sasa ivi hatoki bila kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, na kliniki haikosi. Mwaka jana walikuta kijipele shavuni, wakakitoa asubuhi kikiwa kidogo kama punje ya mtama, mchana tukawa tumesharudi nyumbani.