Kuhesabu Nyota Kusini mwa Ziwa Magadi

Getini walitaka tulipie darubini ada ya kupiga filamu. Kijana wa zamu alilizunguka lile bomba jeusi la mita moja na robo, akaligonga ubavuni, akasema kamera kubwa namna hiyo ni ya biashara, na biashara ina bei yake. Kumweleza kwamba ndani hamna filamu wala betri, ni vioo viwili tu, kulitula muda mrefu kuliko kipande chote cha barabara kutoka Olorgesailie. Mwishowe alituruhusu tupite kwa ada ya watu na gari. Hata hivyo, anga haina mwenyewe, lakini kuifikia ni ghali: gari la kukodi la kupita njia mbovu, mafuta ya kwenda na kurudi, ada ya geti, ada ya kambi, mlinzi wa usiku, na maji ya kunywa ambayo bei yake hupanda kila unaposhuka bondeni.

Tunalipa kwa sababu ya mawingu na taa. Mwezi wa Julai Nairobi hufunikwa wiki nzima bila nyota hata moja. Ukishaupita mgongo wa Ngong na kuteremka Bonde la Ufa, mawingu hubaki juu ya milima nyuma yako. Ziwa Magadi liko kwenye mwinuko wa mita 600 hivi tu, na milima hiyohiyo hukinga sehemu kubwa ya mwanga wa jiji. Kiwanda cha magadi kina taa zake, kwa hiyo sisi hupita hadi upande wa chemchemi za maji moto, kusini mwa ziwa. Kutoka hapo kiwanda kinabaki kaskazini, na upande wa kusini, ambako kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, hupita, ni giza hadi Ziwa Natron.

Tatizo la safari hii lilianzia kwenye gari. Mwenye gari alituahidi kiti cha nyuma chenye godoro, likaja gari lisilo na kiti, sakafu ni bati tupu. Bomba likalala juu ya bati hilo. Barabara yenye matuta madogomadogo ya mfululizo ni hatari kuliko shimo moja kubwa, kwa sababu mtikisiko usiokoma hulegeza skrubu kidogokidogo. Tulipofungua kifuniko saa kumi na mbili jioni, kioo cha pili, kile kidogo kinachokaa mshazari digrii 45 chini ya lenzi ya jicho, kilikuwa kimegeuka na kutazama ubavu wa bomba. Kioo kikuu, cha milimita 200, kilikuwa kinacheza ndani ya vishikio vyake vitatu.

Kazi ya kuvipanga upya ifanyike jua likiwa bado lipo, na hufuata mpangilio. Bomba lilazwe mlalo, ili bisibisi ikiponyoka isiangukie kioo kikuu. Kaza vishikio kiasi cha kioo kutocheza, lakini karatasi bado ipite kati ya mpira na kioo. Ukivibana sana, nyota zitaonekana za pembetatu. Kisha ondoa lenzi ya jicho na uweke mahali pake kifuniko chenye tundu dogo katikati. Zungusha kioo cha pili mpaka uone duara zima la kioo kikuu na vishikio vyote vitatu, halafu tumia skrubu zake tatu ndogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko: ukilegeza moja, kaza nyingine mbili. Mwisho ni vitasa vya nyuma ya kioo kikuu. Katikati ya kioo hicho pana alama ya pete, isiyodhuru picha kwa kuwa iko ndani ya kivuli cha kioo cha pili. Vitasa vizungushwe mpaka taswira ya tundu lako iingie katikati ya pete.

Hapo umefika karibu tu. Giza likiingia, chagua nyota ya wastani iliyo juu angani, ikuze mara 200, kisha haribu fokasi kidogo. Utaona miduara ndani ya miduara. Ikiwa imesogea upande mmoja, geuza kitasa kidogo sana, rudisha nyota katikati ya uwanja, yaani duara la anga unaloliona kwenye lenzi, utazame tena. Springi za nyuma ya kioo kikuu zinazokuja na darubini za dukani ni dhaifu kwa barabara zetu. Zibadilishe kwa ngumu zaidi. Tone la rangi ya kucha juu ya kila skrubu litakuonyesha ipi imezunguka njiani.

Kuna adui mwingine ambaye maelekezo ya kiwandani hayamtaji. Vumbi la Magadi, laini kama unga wa muhogo, ni magadi yenyewe. Likipata unyevu hugeuka alkali, na alkali hula alumini iliyopakwa juu ya kioo. Usilifute kwa kitambaa wala kulipuliza kwa mdomo, maana pumzi ina maji. Tumia pampu ya mpira, elekeza mdomo wa bomba chini unapopumzika, na ukirudi nyumbani osha kioo kwa maji mengi yaliyotoneshwa, yakimiminika bila kusugua. Tena usisimamishe darubini juu ya gamba la chumvi. Lilipikwa na jua mchana kutwa na litaendelea kutoa joto usiku, na nyota zilizo chini zitachemka machoni. Panda kwenye mwinuko wa mawe, uache kioo kipoe kwa muda wa saa moja.

Mwenzetu alibeba mtambo wa kufuatilia nyota kwa mota, akaishia kuuacha ndani ya sanduku lake. Mitambo mingi ya aina hiyo imetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, na mhimili wake hauinami chini ya digrii 15 au 20. Sisi tuko digrii mbili hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko digrii mbili tu juu ya upeo, ndani ya vumbi, na Nyota ya Kaskazini haisaidii kitu. Darubini inayozungushwa kwa mkono juu ya meza ya mbao haina shida hiyo, na kwa kuhesabu nyota inatosha kabisa.

Kuhesabu ndiko kulikotuleta. Mwaka 1785 William Herschel alichapisha ramani ya galaksi aliyoichora kwa kuhesabu nyota katika uwanja mmoja mmoja wa darubini yake, kila uwanja ukiwa na upana wa dakika 15 za tao, yaani robo ya digrii. Mwanawe John alihesabu anga ya kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema kati ya 1834 na 1838, nyota karibu 69,000. Darubini yetu ina urefu wa fokasi wa milimita 1,200. Lenzi ya jicho ya milimita 6, yenye uwanja wa digrii 50, hukuza mara 200 na kutoa robo ya digrii ileile. Kuthibitisha, weka Theta ya kundinyota la Ukabu, nyota iliyo karibu kabisa na ikweta ya anga, ipite katikati ya uwanja huku mota yoyote ikiwa imezimwa. Itavuka kwa dakika moja.

Ndani ya lenzi gundisha nyuzi mbili nyembamba zinazokatana, uwanja ugawike robo nne. Watu wawili wahesabu kila robo bila kuambiana, kisha wachukue wastani. Taa iwe nyekundu na hafifu, na macho yapewe nusu saa ya giza kabla ya kuanza. Andika saa, kimo cha uwanja juu ya upeo, na nyota hafifu kuliko zote unayoiona katika eneo lenye vipimo vinavyojulikana. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Kama nyota zingetapakaa sawasawa na pasiwe na vumbi, kuona mag moja zaidi (mag ni kipimo cha mwangaza wa nyota) kungezidisha hesabu karibu mara nne. Hesabu isiyo na kikomo cha mwangaza haina thamani. Na usihesabu chini ya digrii 45 kama unaweza kusubiri, kwa maana kwenye digrii 30 mwanga unapita katika hewa mara mbili ya ile ya juu kabisa ya kichwa.

Jioni Salibu, msalaba wa kusini, ilikuwa kusini-magharibi na Dubu Mkubwa kaskazini, zote kwa mtazamo mmoja. Tukaanza mbali na Njia Nyeupe: nyota tano, sita kwa uwanja, pengine nne. Kuelekea saa tano usiku kitovu cha galaksi kilifika digrii 63 juu ya kusini. Katika Dirisha la Baade, mwanya wenye vumbi chache penye fungunyota NGC 6522, hesabu ilipanda mara nyingi, na katika robo moja tulilazimika kurudia kwa sababu macho yaliruka safu. Sogeza darubini digrii mbili kaskazini, kando ya fungunyota NGC 6520, ufike kwenye Barnard 86. Hapo pana doa la dakika tano za tao lisilo na nyota, na kingo zake zimekatika wazi katikati ya msongamano ule. Ni wingu la vumbi lililo mbele ya nyota. Herschel alizidhania nafasi za namna hiyo kuwa matundu, akaliweka Jua karibu na katikati ya galaksi. Ni mwaka 1930 Robert Trumpler alipothibitisha kuwa vumbi hupunguza mwanga kati ya nyota. Chombo cha Gaia, kilichorushwa 2013, kimeorodhesha karibu nyota bilioni 1.8, na hata hizo ni sehemu ndogo ya bilioni 100 au zaidi zilizomo. Bado kuliona lile doa kwa jicho lako, na namba yake mkononi, kunakushika shati.

Kabla ya alfajiri Kilimia kilichomoza mashariki. Kwetu Mombasa wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na mkulima alipanga shamba kwa hilo. Leo ukisimama ufukweni, taa za hoteli zimeelekezwa baharini na juu, na mtoto wa mjini anamaliza shule bila kuiona Njia Nyeupe. Dawa yake si ghali: kofia ya bati juu ya taa, balbu ya rangi ya joto, na swichi ya kuzima saa nne usiku. Bili ya umeme pia ingeshuka.

Kipande cha anga kinachofuata ni upande wa kundinyota la Jabari, Januari, tukitazama nje ya galaksi. Hesabu huko inapaswa kuwa ndogo, na ndiyo maana inahitajika. Gari tutalikagua sisi wenyewe kabla ya kutoa pesa ya amana, na godoro tutabeba letu.