Bega Linauma, Yeye Anashika Shingo

Julai ya Mbeya haina huruma na viungo. Upepo unashuka kutoka mlima Loleza, nasi wasichana wa timu ya mpira wa wavu tunaruka-ruka na masweta yetu tukitafuta joto. Nilikuwa mpigaji. Kwa wiki ya tatu mfululizo, kila nikiinua mkono kupiga, bega la kulia lilichoma kwa mbele na mpira ukaishia wavuni. Wavu wa wanawake una mita 2.24 tu, mimi nilianza kuuona kama ukuta.

Mwalimu wa michezo alisema ni baridi. Bibi, kule Tukuyu, alisema kwenye simu kwamba mshipa umekaa vibaya, nitafute mtu wa kunichua. Nikachuliwa mara mbili kwa mafuta yanayonuka karafuu. Usingizi ulikuwa mtamu, bega likabaki vilevile.

Ndipo nikaenda hospitali, chumba cha fiziotherapia. Kaka aliyenipokea aliniambia niinue mkono kwa pembeni. Ulipopita usawa wa bega kidogo tu, nikakunja uso. Akaukandamiza chini, nimzuie. Nikashindwa, mkono uleule unaobeba ndoo ya lita 20! Kisha akaliacha bega, akaanza kunipapasa shingo.

"Kaka, linalouma ni bega."

"Nimekusikia, dada."

Akanieleza kwamba mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli ya bega hutokea shingoni, na shingo yangu ilikuwa imekakamaa upande wa kulia. Lakini hakuigusa kwa nguvu hadi amalize maswali: napata kizunguzungu? Naona vitu viwili-viwili? Mikono inakufa ganzi? Nilipomuuliza maswali yote hayo ya nini, alisema kuna mishipa ya damu inayopanda kwenda ubongoni kupitia ndani ya pingili za shingo, na si shingo ya kila mtu inayofaa kusukumwa.

Akanilaza chali, akageuza kichwa taratibu, akasukuma kidogo, ghafla. Ko! Shingo ikaalika kama vidole, ila mara kumi. Nilijua nimekwisha.

"Ni gesi kwenye ute wa kiungo," akasema. "Hakuna mfupa uliohama, wala uliorudishwa."

Akaniambia niinue mkono tena. Ukapanda hadi sikioni. Maumivu yalikuwepo, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. "Ndaga fijo, kaka!" nikaropoka asante sana ya Kinyakyusa, naye wala si Mnyakyusa.

Yeye hakushangilia. Alitoa kipande cha tyubu ya baiskeli, akanionyesha: kiwiko kibane ubavuni, vuta kwenda nje, mara 15, pumzika, rudia mara tatu, kila siku. Nafuu hii, alisema, inaweza kuisha kabla ya kesho. Kazi yake ni kukupa mwanya wa kufanya mazoezi bila kuumia. Na usipige mpira wiki mbili.

Nilisikia nusu. Jioni ileile nilikuwa uwanjani, nikapiga kama niliyeazimwa mkono mpya. Asubuhi yake nilishindwa kushika kitana.

Nikafunga tyubu kwenye mparachichi nyuma ya hosteli, wenzangu wakaniita fundi baiskeli. Na nikiri: siku moja nilimwomba mwenzangu wa chumba anialishe shingo kama yule kaka. Alikataa, Mungu ambariki. Alisema hana maneno ya kwenda kuwaambia wazazi wangu.

Baada ya wiki sita nilirudi hospitali, shingo nimeiandaa kabisa, nikiisubiri ile ko. Kaka akakandamiza mkono wangu, haukushuka. Akakandamiza tena kwa nguvu zaidi. Akaandika kwenye kadi.

"Shingo je?" nikauliza.

"Shingo ina nini? Nenda kacheze."

Nikapanda daladala kurudi, nimenuna kama mtu aliyenyimwa haki yake.